Tazama Mwezi Kwanza, Ufuo Baadaye: Namna ya Kuchagua Mahali pa Kujifunzia Kupiga Mbizi kwa Mtungi

Mtu anayetaka kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa aghalabu huanza kwa kutazama picha. Huona kasa akielea juu ya matumbawe, huona boti imetia nanga kwenye maji ya rangi ya feruzi, huchagua ufuo uliompendeza, hulipa, na ndipo hufika mwezi wa Julai upepo wa kusi ukiwa umeshika kasi na mwalimu akiitazama bahari bila kusema neno. Nayaeleza haya kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi. Kozi yangu ya kwanza, upande wa mashariki wa Unguja, ilipangiwa siku tatu, nikapata siku moja ndani ya maji na mbili za kunywa chai nikisikiliza mawimbi yakivunjika mwambani. Mahali hapakuwa na kosa lolote. Tarehe ndiyo niliyoikosea, na tangu hapo kila anayeniuliza aende wapi, humuuliza kwanza anakusudia kwenda lini.

Kabla ya kupima mahali, ni vyema kujua kozi yenyewe inadai nini. Cheti cha ngazi ya kwanza, ambacho mashirika mengi hukiita Open Water, kina masomo ya nadharia, mazoezi katika bwawa au katika maji tulivu ya kina kifupi, na mbizi nne baharini zinazogawanywa katika siku zisizopungua mbili. Katika mpangilio wa PADI, mojawapo ya mashirika hayo, mbizi mbili za mwanzo hazivuki mita 12 na mbili za mwisho hazivuki mita 18, na kina hicho cha mita 18 ndicho mpaka wa mwenye cheti hicho. Mwanafunzi anaweza kuanza akiwa na umri wa miaka 10. Ni lazima aweze kuogelea mita 200 mfululizo, bila kupimwa muda, na kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Hapa ndipo wengi wetu tuliokulia bara tunapokwama, kwa hiyo asiyejua kuogelea ajifunze kwanza katika bwawa la mjini kwake, kwa bei ya mjini kwake, kuliko kujifunzia ufuoni huku akimlipa mwalimu wa mbizi. Ipo pia safari ya majaribio ya siku moja, ambayo mgeni hushikwa mkono hadi mita 12 kwa wingi. Inafaa kwa kuonja, lakini haimpi mtu cheti.

Kwa masharti hayo, mahali pazuri pa kujifunzia si lazima pawe pazuri kwa mzoefu. Mwanafunzi hahitaji ukuta wa mwamba unaoshuka hadi gizani wala mkondo unaoleta papa. Anahitaji mchanga mweupe kwenye mita tano au sita, mahali pa kupiga magoti na kujifunza kutoa maji katika miwani bila kuogopa kubebwa na maji. Anahitaji pia kumwona mwalimu wake waziwazi akiwa umbali wa mita kadhaa, na mteremko wa taratibu, kwa kuwa masikio husumbua zaidi karibu na uso wa maji kuliko kule chini. Sababu yake ni kwamba shinikizo huongezeka maradufu katika mita 10 za mwanzo tu, na hewa iliyo ndani ya sikio husinyaa hadi nusu ya ujazo wake, hivyo mtu asiyeshuka polepole na kuyasawazisha masikio kila mara huumia kabla hajaona samaki hata mmoja.

Joto la maji nalo lina maana kubwa kuliko starehe. Maji huuondolea mwili joto kwa kasi inayokaribia mara 25 ya ile ya hewa, kwa hiyo maji ya nyuzi 26 ambayo muogeleaji huyaona ya uvuguvugu humtetemesha mwanafunzi aliyepiga magoti mchangani dakika 40 akisubiri zamu yake. Katika pwani yetu maji hufikia nyuzi 29 au zaidi mwezi wa Machi na hushuka hadi 25 hivi mwezi wa Agosti na Septemba. Suti ya mpira ya kupigia mbizi, yenye unene wa milimita 3, hutosha karibu mwaka mzima, ingawa mtu mwembamba anayejifunza Agosti aombe iliyo nene zaidi na asione haya. Suti nyembamba ina faida nyingine isiyotajwa sana: suti nene huelea, na mvaaji hulazimika kubeba vipande vingi vya madini ya risasi kiunoni ili azame, jambo linalomchanganya anayejifunza kukaa katikati ya maji bila kupanda wala kushuka.

Sasa tuje kwenye majira, ambayo msomaji wa pwani anayajua kuliko kitabu chochote cha wageni. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba na nguvu yake huwa kubwa Juni na Julai, na katikati yake kuna maleleji, wakati pepo zinapobadilishana na bahari kutulia. Masika ya Machi hadi Mei hutia maji uchafu kutoka mitoni, na vituo kadhaa vya kupiga mbizi hufunga kwa majuma au miezi katika kipindi hicho. Kwa mwanafunzi, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ninayoipendekeza bila kusita, ikifuatwa na Februari na siku za mwanzo za Machi. Mvua za vuli huwa za vipindi, hazivurugi bahari kama masika.

Baada ya mwezi wa kalenda, utazame mwezi wa angani. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Afrika Mashariki hufika mita tatu hadi nne wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na maji yote hayo hupita katika milango ya miamba mara nne kwa siku, yakiingia na kutoka. Wakati wa bamvua mikondo huwa mikali, mchanga huinuka na maji hupata ukungu. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo tofauti hiyo huwa ndogo, bahari ileile huwa kama imelala. Anayefuata kalenda ya Kiislamu anazo tarehe hizo ukutani kwake: maji mafu huangukia karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi mwandamo, nazo bamvua huja siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Panga mbizi zako nne ziangukie kwenye maji mafu, nawe utakuwa umejinunulia utulivu ambao hakuna kituo kinachouuza.

Tukishajua wakati, tunaweza kuzungumza juu ya mahali, na nitaanza na Unguja kwa kuwa ndiko vituo vilipo vingi. Kisiwa hiki kina uzuri mmoja mkubwa: upepo ukivuma huku, kule kuna hifadhi. Kusi ikipiga Paje na Jambiani, upande wa magharibi na kaskazini-magharibi, yaani Mji Mkongwe na Kendwa, hubaki na maji yanayofundishika. Miamba iliyo mbele ya Mji Mkongwe, karibu na visiwa vya Bawe na Murogo, haina sifa kubwa mitandaoni, lakini safari ya boti ni fupi, kina ni cha wastani na bahari imekingwa, nami ningempeleka huko mwanafunzi mwoga kabla ya kumpeleka Mnemba. Asidanganywe tu na habari za meli ya kivita ya Uingereza, Pegasus, iliyozamishwa mbele ya mji na meli ya Kijerumani Königsberg mwezi wa Septemba 1914: imelala kwenye kina cha mita 40 hivi, zaidi ya maradufu ya mpaka wa cheti chake.

Mnemba, kwenye kona ya kaskazini-mashariki, ina matumbawe na samaki wa kutosha kumfanya mtu asahau kozi. Ina pia boti nyingi, na pembe zake nyingine zina mkondo. Mwalimu mzuri huwapeleka wanafunzi upande uliokingwa, asubuhi mapema kabla ya msongamano. Ama pwani ya mashariki, upepo unaowafurahisha wacheza tiara za majini wa Paje ndio huohuo unaomnyima mwanafunzi usingizi, na wakati wa bamvua maji hukauka hadi akina mama wa mwani wakatembea kwa miguu mbali sana, huku boti ikisubiri saa kadhaa ipate maji ya kutoka.

Pemba naitaja ili nimzuie mtu. Visiwa vya Misali na Fundo vina kuta za mwamba ambazo wazoefu huzisifu kwa haki, na mkondo wa Pemba ulio kati ya kisiwa na bara una kina cha mamia ya mita, lakini maji yenye sifa hizo hukimbia. Mtu anaweza kujifunza huko katika siku tulivu akiwa na mwalimu anayejua milango ya mwamba kama mfukoni mwake. Mimi ningemwambia achukue cheti Unguja, apige mbizi kumi nyingine, ndipo apande boti kwenda Pemba.

Mafia ni shauri tofauti. Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ni kama bwawa kubwa lililozungukwa na visiwa, na hata upepo ukivuma nje, ndani mara nyingi hufundishika. Milango ya ghuba hiyo huvuta maji kwa nguvu, kwa hiyo suala la bamvua na maji mafu lina uzito huko kuliko pengine popote. Upande wa pili, Kilindoni, maji yana ukungu wa Rufiji, na kati ya Oktoba na Machi papa potwe, samaki mkubwa asiyemdhuru mtu, huja kula huko. Huhitaji mtungi kumwona, maana huogelea juu, na miwani na mapezi vinatosha. Kwa hiyo mtu anayekwenda Mafia Novemba hupata kozi na potwe katika safari moja. Kumbuka kwamba kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa kila siku, na vituo si vingi kama Unguja, hivyo ukikosana na ratiba ya kimoja huna pa kukimbilia.

Kwa upande wa Kenya, pwani iko wazi kwa bahari kuu na haina kisiwa kikubwa cha kuikinga, kwa hiyo Juni na Julai si wakati wa mwanafunzi. Kuanzia Oktoba hadi Machi hali ni nzuri. Diani ina vituo vilivyozoea wanafunzi, na kutoka Shimoni boti huenda Kisite-Mpunguti, ambako maji huwa safi na pomboo ni wengi. Watamu, ambayo pamoja na Malindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1968, ni mahali pa utulivu kwa mwenye familia. Malindi yenyewe husumbuliwa na udongo wa mto Sabaki, na baada ya mvua bara maji huwa kama chai ya maziwa. Huko Mombasa kuna meli MV Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki, lakini chini yake ni mita 30 hivi, basi nayo isubiri cheti cha pili. Mwananchi wa Afrika Mashariki abebe kitambulisho chake, kwa kuwa viingilio vya hifadhi hutofautisha wananchi na wageni.

Mkaazi wa Mbeya au Lilongwe anaweza kuuliza kuhusu Ziwa Nyasa, na swali lake ni la haki. Cape Maclear na Nkhata Bay, upande wa Malawi, zina wafundishaji, maji ni ya uvuguvugu, hakuna bamvua, na samaki wa rangi wamejaa mawe. Lakini ziwa liko zaidi ya mita 450 juu ya usawa wa bahari, na hesabu za mbizi kwenye mwinuko hufanywa kwa tahadhari zaidi. Kisha kuna kichocho, ambacho hutibika kwa vidonge iwapo utakumbuka kupima baada ya majuma kadhaa. Maji baridi, kwa maana ya yasiyo na chumvi, pia hutaka risasi pungufu kiunoni, hivyo anayejifunzia ziwani apimwe upya atakapokwenda baharini.

Nje ya kwetu, Bahari ya Shamu upande wa Misri ndiyo ninayoiona inafaa zaidi kwa kujifunzia. Hakuna mito inayotia matope, kupwa na kujaa ni kudogo, na Dahab mwanafunzi huvaa mtungi ufuoni na kutembea hadi majini bila boti, jambo linalomwokoa anayetapika baharini. Asiende Januari au Februari akidhani kote ni joto: maji hushuka hadi nyuzi 21 au 22, na upepo wa nje humkausha akitetemeka. Chumvi yake ni nyingi kuliko ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo ataongezewa risasi. Wenye jamaa Maskati wanaweza kuvifikiria visiwa vya Daymaniyat, hifadhi tangu mwaka 1996, ingawa huko maji ya juu huweza kuwa moto na tabaka la chini likawa baridi ghafla, na Salalah, kusini mwa Oman, wakati wa harifu, yaani majira ya pepo za kusi ya Juni hadi Septemba, bahari haiingiliki. Koh Tao ya Thailand ina shule nyingi zinazoshindana kwa bei, lakini nauli kutoka Nairobi au Dar es Salaam hula akiba yote.

Mahali pakishapatikana, huchagui tena bahari, unachagua mtu. Uliza jina la mwalimu atakayekufundisha wewe, si la mwenye kituo, na uombe namba yake ya uanachama ili uihakikishe kwenye tovuti ya shirika lake. Kanuni za PADI humruhusu mwalimu mmoja kuwa na wanafunzi wanane baharini. Kwa maoni yangu wanne ni wengi, na kwa anayeogopa maji wawili ndio idadi. Uliza pia kama kuna oksijeni botini, si dukani. Uliza chumba cha kutibu ugonjwa wa mgandamizo, ule unaoletwa na mapovu ya naitrojeni mwilini, kilicho karibu kiko wapi, kama kinafanya kazi kwa sasa, na mgonjwa hufikishwa huko kwa njia gani. Kisha uliza swali ambalo halimo katika orodha za wengi: mara ya mwisho mlighairi safari lini, na kwa nini? Kituo kinachojibu kwamba hakijawahi kughairi, katika pwani yenye kusi, kinakuambia zaidi ya kilichokusudia.

Ukifika, vuta hewa ya mtungi ungali nchi kavu. Hewa safi haina harufu wala ladha, na ukihisi mafuta au moshi, kataa mtungi huo. Jaribu miwani kwa kuibana usoni bila mkanda na kuvuta pumzi kwa pua: ikishika imekutosha, ikianguka omba nyingine. Na kama Kiingereza chako kinachoka unapokuwa na hofu, omba mwalimu anayezungumza Kiswahili. Wapo Nungwi, wapo Diani, na maelezo ya usalama yakipita bila kueleweka hayarudiwi chini ya maji, ambako hata kidole gumba kilichoinuliwa hakina maana ya “safi” bali “tupande juu.”

Fomu ya afya iombe mapema, majuma kadhaa kabla ya safari. Ukijibu “ndiyo” katika swali lolote la msingi, huenda ukahitaji saini ya daktari, na kumtafuta daktari huyo ukiwa Jambiani kunakula siku nzima ya kozi. Pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa, selimundu na matatizo ya masikio yasifichwe, na mjamzito aahirishe. Anayetoka nchi isiyo na malaria amwambie daktari wake kwamba atapiga mbizi, kwa kuwa meflokwini, dawa ya kinga, huleta kizunguzungu na wasiwasi ambao haufai kabisa chini ya maji.

Kuhusu fedha, bei mbili haziwezi kulinganishwa mpaka ujue zimebeba nini. Vifaa, boti, kiingilio cha hifadhi, masomo ya mtandaoni na ada ya cheti ni vitu vitano ambavyo kituo kimoja huvijumlisha na kingine huvitoza kimoja kimoja. Ipo njia ya kupunguza siku za hoteli: nadharia na bwawa huweza kumalizwa mjini kwako, kisha ukachukua barua ya uhamisho na kukamilisha mbizi nne baharini ndani ya miezi 12. Kwa mtu wa Nairobi mwenye likizo fupi, hii ndiyo njia ya busara.

Hatimaye kuna safari ya kurudi, ambayo kwetu ina mtego usioandikwa katika miongozo ya wageni. Baada ya mbizi za siku kadhaa mfululizo, DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, hushauri kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa sababu naitrojeni iliyobaki mwilini huweza kutoa mapovu shinikizo la hewa linapopungua. Mlima nao hupunguza shinikizo hilohilo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, Arusha na Lushoto karibu mita 1,400, na treni ya asubuhi kutoka Mombasa humfikisha mtu kwenye mwinuko huo kabla ya jioni. Ndege ndogo ya Mafia hadi Dar es Salaam, hata ikiruka chini, ihesabiwe kuwa ndege. Kwa hiyo ukimaliza mbizi ya nne Jumamosi saa nane mchana, usikate tiketi ya treni ya usiku huo. Lala Mombasa, Jumapili tembea Fort Jesus au ukale mahamri na mbaazi kwa mwenyeji wako, kisha upande treni Jumatatu asubuhi.